Protini zinazoshika vichocheo vya ukuaji: zinafanya nini wakati tezi ya pituitari inajengwa?

Mwalimu_Njoro

Hamjambo wana jukwaa. Kuna tangazo linalozunguka kwenye makundi ya simu hapa Nakuru, la matone ya kuongeza kimo cha watoto. Mwenye kuliandika anadai kwamba mtoto mfupi ana protini zilizoifunga homoni yake ya ukuaji, na kwamba matone yake yanaifungua. Wazazi wameniuliza, na wengine tayari wametoa pesa.

Ninafundisha baiolojia, na hizi protini zinazoshika vichocheo vya ukuaji ni jambo ninalolipenda sana. Sitaki kusema "ni uongo" halafu niende zangu. Naomba mnivumilie nianzie mbali, tumboni, wakati ambapo mtoto bado hana kimo cha kupimwa.

Tezi ya pituitari kwa mtu mzima ina uzito wa kama nusu gramu. Inakaa chini ya ubongo, ndani ya kishimo cha mfupa nyuma ya pua. Sehemu yake ya mbele ina aina 5 za seli, na humo ndimo zinamotoka homoni ya ukuaji, ya maziwa, ya kuamsha tezi ya shingo, ya kuamsha tezi za juu ya figo, na zile mbili za uzazi zinazotoka kwenye seli za aina moja.

Ajabu ni kwamba sehemu hiyo ya mbele haikuanza kama ubongo. Ilianza kama ngozi ya kinywa. Karibu wiki ya 4 ya mimba, paa la kinywa cha kiinitete linajikunja kuelekea juu na kuwa kifuko. Mjerumani Martin Rathke alikieleza mwaka 1838, na mpaka leo kinaitwa kifuko cha Rathke. Wakati huohuo sakafu ya ubongo inateremka kukilaki. Kifuko kinakuwa sehemu ya mbele ya tezi, na kile kipande cha ubongo kinakuwa sehemu ya nyuma. Kati ya wiki ya 6 na ya 8, shina lililounganisha kifuko na kinywa linanyauka na kukatika. Anayeangulisha vifaranga ajue kwamba kifuko hichohicho kinajitokeza kwenye yai lililo katika siku yake ya tatu.

Sasa, nani aliiambia ngozi ya kinywa ijikunje pale, isijikunje kando kidogo? Ni sakafu ya ubongo. Seli zake zinamwaga kichocheo kiitwacho BMP4, na baadaye FGF8 na FGF10. Panya wa maabara waliokosa BMP4 hawaanzi kabisa kifuko. Waliokosa FGF10 wanakianza, kisha seli zake zinakufa.

Lakini kichocheo kikishamwagwa hakina macho. Kinasambaa kwenye majimaji kati ya seli na kingefika popote. Hapo ndipo zinapoingia protini nyingine ambazo kazi yake ni kukidaka njiani. Moja inaitwa nogini. William Smith na Richard Harland waliigundua mwaka 1992 huko California, kwa kutumia vyura wa jamii ya Xenopus. Ndugu za vyura hao wapo kwenye mabwawa ya kwetu pia, kuanzia nyanda za juu hadi kando ya Ziwa Victoria. Nogini inaikumbatia BMP palepale ambapo BMP ingegusa kipokezi cha seli. BMP iliyokumbatiwa haiwezi kuamuru lolote.

Mwaka 1998 maabara ya Michael Rosenfeld ilitengeneza panya ambao ngozi ya kinywa chao, wakiwa viinitete, ililazimishwa kutoa nogini. Kifuko kilianza, kikakwama, na karibu seli zote za homoni zikakosekana. Mwaka 2007 Shannon Davis na Sally Camper wakaangalia upande wa pili, panya wasio na nogini hata kidogo. Kama kushika kungekuwa ni kuzuia tu, panya hao wangepata tezi bora zaidi. Hawakupata. BMP ilienea kupita mipaka yake na tezi zikapotoka umbo, nyingine kidogo, nyingine zikakaribia kugawanyika kuwa pacha.

Nogini ikizidi, hakuna tezi. Ikikosekana, tezi inaharibika. Ndiyo maana nakasirika mtu akichukua neno "zinafunga" na kuwatishia wazazi nalo.

---

Mkulima_wa_Molo

Mwalimu, heshima yako, na asante kwa kuandika kwa lugha tunayoielewa. Lakini mimi sijatosheka. Mifano yako yote miwili inasema nogini inazuia BMP. Umeonyesha tu kwamba kizuizi kina faida mahali pake. Muuza matone naye anaweza kusema: sawa, tumboni zilikuwa na kazi, lakini mtoto ameshazaliwa, tezi imeshajengwa, sasa hizo protini zinamkalia tu. Akizipunguza kidogo, kosa liko wapi?

---

Mwalimu_Njoro

Swali zuri, ndugu yangu, na ndilo hasa lililonifanya nifungue uzi huu. Nitalijibu kwa vipande kwa sababu protini hizi si za tabia moja.

Kwanza nikupe haki yako. Zipo ambazo kweli ni vizuizi vya moja kwa moja. Folistatini ni mfano, na inahusu tezi hiihii. Iligunduliwa mwaka 1987 kwenye majimaji ya vifuko vya mayai ya nguruwe na ng'ombe, kwa sababu majimaji hayo yalipunguza homoni ya uzazi iitwayo FSH. Ndani ya pituitari, seli za uzazi zinatengeneza kichocheo kiitwacho aktivini, na aktivini ndiyo inayoziambia seli hizo zitoe FSH. Folistatini mbili zinaizunguka aktivini moja, moja huku na moja kule, na hazibanduki kwa urahisi. Mzigo wote unamezwa na seli na kuvunjwavunjwa. Hapo hakuna kuhifadhi.

Hata hivyo, angalia inavyotumika. Ubongo ukituma ishara zake za uzazi kwa haraka haraka, tezi inatengeneza folistatini nyingi na FSH inashuka, huku LH, ile homoni ya pili ya uzazi, ikipanda. Ishara zikija polepole, folistatini inapungua na FSH inapata nafasi. Tezi moja, seli za aina moja, na homoni mbili zinazopanda na kushuka kwa nyakati tofauti. Bila kitu cha kuishika aktivini, mpangilio huo ungevurugika. Na panya aliyezaliwa bila folistatini hufa saa chache baada ya kuzaliwa.

Pili, kuna zinazoshika ili kusafirisha. Kodini nayo inashika BMP, na kwa inzi wa matunda jamaa yake anaitwa Sog. Watu walitarajia kwamba ukiondoa Sog, ishara ya BMP ya inzi itakuwa kali kila mahali. Mgongoni mwa kiinitete, mahali ambapo ishara hiyo huwa kali kuliko kote, ikapungua! Sog ilikuwa inakichukua kichocheo ubavuni, inakipeleka mgongoni, na huko kimeng'enya kinaikata Sog na kukiachilia. Protini iliyoitwa kizuizi ndiyo iliyokuwa inakileta.

Tatu, na hili ndilo linalomgusa muuza matone wako, ni familia ya IGFBP. Homoni ya ukuaji haifanyi kazi yake yote peke yake. Inatoka kwenye pituitari, inafika kwenye ini, na ini linatengeneza IGF-1, kichocheo cha asidi amino 70 kinachofanana na insulini. Karibu IGF-1 yote iliyo kwenye damu imeshikwa. Zipo protini 6 kuu za kuishika, zimepewa namba kuanzia IGFBP-1 hadi IGFBP-6. Kwa mtu aliyekwisha zaliwa, sehemu kubwa inashikwa na IGFBP-3 ikisaidiwa na protini ya tatu inayotoka kwenye ini, na hao watatu wanatembea pamoja kwenye damu.

IGF-1 iliyo huru hudumu kwenye damu kwa dakika 10 hivi. Iliyo ndani ya ule utatu hudumu zaidi ya saa 12. Ukimpunguzia mtoto IGFBP-3, humwongezei kichocheo. Unakifanya kipotee kabla hakijafika kwenye mifupa.

Kisha kuna panya wa IGFBP-4. Kwenye sahani za maabara, IGFBP-4 huizuia IGF karibu kila ikijaribiwa. Kwa hiyo panya asiye na IGFBP-4 angezaliwa mkubwa. Anazaliwa mdogo, kwa asilimia 10 hadi 15. Na panya asiye na PAPP-A, kile kimeng'enya kinachoikata IGFBP-4 na kuifungua IGF, anakuwa na asilimia 60 tu ya ukubwa wa kawaida. Tafakari hayo mawili pamoja. Anayekosa cha kushika ni mdogo. Anayekosa cha kufungulia ni mdogo zaidi.

---

Mkulima_wa_Molo

Ikiwa ni hivyo, basi ni kama ghala la mahindi. Ukivunja ghala siku ya mavuno si kwamba familia itakula zaidi, mahindi yataoza na panya watayamaliza. Na ukikosa mwenye ufunguo, njaa ni ileile ingawa gunia zimejaa. Nimekuelewa, mwalimu. Hilo la mwenye ufunguo ndilo sikuwahi kulisikia.

---

Fundi_Kambale_Busia

Mimi ninazalisha vifaranga vya kambale, wale ambao wenzetu Waluo huwaita mumi. Pituitari kwangu ni kitu cha kushika kwa mkono. Tunaikata kutoka kwenye kichwa cha kambale aliyekomaa, iko chini ya ubongo, nyeupe, ndogo kama punje. Tunaisaga kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9, tunamdunga jike kwenye mnofu wa mgongo, na maji yakiwa na joto la kutosha, saa kumi hivi baadaye mayai yanakamulika. Maji yakiwa baridi tunangoja zaidi.

Swali langu kwa mwalimu. Tukisaga tezi nzima, si tunasaga na hiyo folistatini pamoja na protini nyingine zote za kushika? Mbona haziharibu dawa? Na je, samaki anazo kweli, ama ni mambo ya panya na watu?

---

Mwalimu_Njoro

Fundi, nafurahi umekuja, maana wewe unaijua tezi hii kwa macho kuliko wengi wetu tuliosoma vitabuni.

Samaki anazo. Aktivini, folistatini, IGF na familia ya IGFBP zote zipo kwa samaki. Ni mfumo wa kale kuliko sisi wenye miguu.

Kwa nini haziharibu dawa: unachomdunga jike hasa ni LH. Seli za tezi ya yule kambale uliyemchinja zilikuwa zimeshaitengeneza na kuiweka akiba kwenye vijifuko vyao. Ukisaga, vijifuko vinapasuka na LH inatoka. Folistatini haishiki LH. Inashika aktivini, nayo aktivini ni ya kuamuru utengenezaji wa FSH siku za mbele, si ya kuamuru mayai yaachiliwe usiku huu. Umeipita ile hatua ambayo folistatini inaitawala.

Nikuongezee jambo moja kwa sababu najua mnapambana nalo. Kambale wa kike aliyekomaa kwenye bwawa mara nyingi hatagi kwa sababu ubongo wake unaizuia pituitari yake mwenyewe kwa kemikali iitwayo dopamini. LH anayo, ila haitoki. Ndiyo maana dawa za kiwandani za kuzalishia huwa na vitu viwili, ishara ya uzazi na kinachoondoa dopamini. Wewe unapotumia tezi ya samaki mwingine unauruka ubongo wake wote.

---

Fundi_Kambale_Busia

Hapo umenijibu sawasawa. Na sasa nimejua kwa nini tezi ya samaki mchanga haifanyi kazi hata ukizisaga nyingi. LH haijawekwa akiba bado.

---

Mama_Bahati_Nakuru

Nimesoma yote kwa sababu mimi ni mmoja wa waliotoa pesa, na chupa iko hapa mezani. Mwanangu wa kiume ana miaka 6 na ni mdogo kuliko wenzake wote darasani. Tulipimwa damu. Karatasi inasema IGF-1 iko chini ya kiwango, IGFBP-3 iko ndani ya kiwango. Muuzaji nilipomtumia picha ya karatasi akaniambia: "Si unaona mama, kinachofunga ni kingi kuliko kinachofungwa, ndiyo maana hakui." Ilinishika moyo kwa sababu ilionekana kama kweli. Naomba mnisaidie kuielewa hii karatasi.

---

Sista_wa_Dunga

Mama, pole. Mimi ni muuguzi wa kliniki ya mama na mtoto huku Kisumu. Si daktari wa homoni, na karatasi hiyo lazima irudi kwa daktari aliyeiagiza. Lakini naweza kukuondolea hofu moja.

IGF-1 inashuka kwa sababu nyingi, na ya kwanza kabisa ni chakula na maradhi. Mtoto asipopata protini na nguvu za kutosha, au akiugua mara kwa mara, ini linapunguza IGF-1 hata kama pituitari ni nzima na inatoa homoni ya ukuaji kwa wingi. IGFBP-3 haiyumbishwi sana na chakula kama IGF-1. Kwa hiyo moja kuwa chini na nyingine kuwa kawaida si ajabu, na haimaanishi mojawapo imemfunga mwenzake. Tezi ya pituitari inapokosa homoni ya ukuaji kwelikweli, mara nyingi zote mbili hushuka, maana zote mbili zinategemea homoni hiyo. Hata hivyo karatasi moja haitoshi kumsema mtoto.

Watoto waliodumaa bado ni wengi kwetu. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 18 ya watoto wa Kenya walio chini ya miaka 5 wamedumaa. Mwaka 2014 ilikuwa asilimia 26. Tumepiga hatua, lakini karibu wote hao si wagonjwa wa pituitari.

Naomba niongeze la kwetu kando ya ziwa kwa sababu mwalimu ameanza tumboni. Mtoto akiwa tumboni, homoni yake ya ukuaji haina sehemu kubwa katika urefu wake. Hata mtoto ambaye pituitari yake haikujengwa vizuri huzaliwa akiwa na urefu unaokaribia wa kawaida. Kinachomkuza tumboni ni IGF zinazotegemea kondo la nyuma na chakula cha mama. Hewa ikipungua kwenye kondo la nyuma, IGFBP-1 ya mtoto inapanda, na inabadilishwa kikemia ili ishike IGF-1 kwa nguvu zaidi. Mtoto anapunguza mwendo wa kukua ili abaki hai. Malaria ya kondo la nyuma ni mojawapo ya mambo yanayovuruga mfumo huu. Watafiti wa Papua New Guinea walionyesha hivyo mwaka 2011, na uzito mdogo unaotokana na malaria sisi hapa tunauona kwa macho. Ndiyo maana siku zote nawasihi akina mama wasikose vidonge vya kukinga malaria vya SP kuanzia miezi ya kati ya mimba, kila wanapopewa kliniki, na walale ndani ya neti.

Mama Bahati, niambie: mwanao alizaliwa na uzito gani? Na una kile kijitabu cha mama na mtoto?

---

Mwalimu_Njoro

Sista ameisoma karatasi kwa njia iliyo sahihi. Mimi nijibu maneno ya muuzaji, maana yamejengwa ili yafanane na sayansi.

Kuna watoto ambao kweli IGF yao imeshikwa na haifunguki. Ni wachache sana duniani, na walielezwa mara ya kwanza mwaka 2016: watoto 5 kutoka familia mbili, moja ya Hispania na moja ya Wapalestina. Jeni yao ya PAPP-A2 ilikuwa imeharibika. PAPP-A2 ni kimeng'enya kinachokata IGFBP-3 na IGFBP-5. Mama, sikiliza jinsi damu yao ilivyokuwa: IGF-1 ya jumla ilikuwa juu sana na IGFBP-3 ilikuwa juu. Kilichokuwa chini ni ile IGF-1 iliyo huru. Vichocheo vilikuwa vimejaa, cha kukata hakipo.

Karatasi ya mwanao inasema IGF-1 ya jumla iko chini. Ni kinyume kabisa. Hata kama ugonjwa huo ungekuwa wa kawaida, karatasi yako inaonyesha kwamba mwanao hana. Muuzaji aliichukua karatasi yako akaigeuza.

Na watoto wale hawakutibiwa kwa matone ya mdomoni. Waliotibiwa walidungwa IGF-1 chini ya uangalizi wa madaktari, kwa sababu IGF-1 ni protini, na protini ikiingia tumboni inasagwa kama mnofu wowote. Chochote kilichomo kwenye chupa hiyo, kama ni protini hakitafika kwenye damu kikiwa kizima, na kama si protini basi hakuna anayejua ni nini, na hapo mimi naogopa zaidi. Usimpe tena.

Vijana wa mazoezi nao wanasoma hapa, kwa hiyo niseme na hili. Kuna wanaouza "folistatini" ya unga kwa ajili ya misuli. Chanzo cha habari hizo ni kweli: mwaka 2001 Se-Jin Lee na Alexandra McPherron walionyesha kwamba panya waliofanywa watengeneze folistatini nyingi kwenye misuli yao walinenepa misuli kupita kiasi, kwa sababu folistatini inashika pia miostatini, protini inayozuia misuli isikue. Lakini panya wale walibadilishwa jeni, hawakunywa unga. Na mmeshasoma hapo juu folistatini inachofanya kwa FSH. Kijana anayetaka kupata watoto siku moja asiichezee.

---

Mkulima_wa_Molo

Mwalimu, swali la mwisho kutoka kwangu. Umesema nogini ilijenga tezi na IGFBP inatunza IGF kwenye damu. Hizi zimegawana kazi, moja ya tumboni na nyingine ya baadaye, ama?

---

Mwalimu_Njoro

Hapana, hazijagawana hivyo. IGFBP-2 na IGFBP-5 zinaonekana mapema kwenye kiinitete cha panya, kila moja katika tishu zake, na IGFBP-1 yenyewe ilipatikana kwanza kwenye maji ya uzazi. Tofauti yake na nogini ni kwamba kichocheo cha IGF kinaingia kwenye damu na kutembea mwili mzima, kwa hiyo protini zake zina kazi ya barabarani na kazi ya mtaani. BMP kwenye kifuko cha Rathke inafanya kazi kwa umbali mfupi sana, seli kadhaa tu. Nogini haihitaji kuitunza kwa saa 12. Inahitaji kuweka mpaka, kwamba hapa ni tezi na hapa ni paa la kinywa.

Kitu kingine kinachonivutia ni kwamba IGFBP zinasaidiana. Ukimwondolea panya mojawapo, mara nyingi unaona upungufu mdogo tu, na ukiziondoa tatu kwa pamoja, yaani IGFBP-3, -4 na -5, unaona vizuri kwamba amepungua uzito. Nogini haina mtu wa kuishikia nafasi namna hiyo. Panya aliyeikosa hafiki mbali baada ya kuzaliwa.

---

Mama_Bahati_Nakuru

Sista, nimekitafuta kijitabu. Alizaliwa na kilo 3.1, miezi imetimia. Mstari wake unapanda vizuri mpaka kama mwaka mmoja na nusu, halafu unaanza kulala. Baada ya miaka miwili hatukumpima sana. Hakuwa mgonjwa wa kulazwa, lakini tumbo lilimsumbua mara kwa mara. Alipozaliwa sikuambiwa kuna shida yoyote.

---

Sista_wa_Dunga

Asante mama, umenisaidia sana. Kilo 3.1 ni nzuri.

Mtoto mchanga mwenye shida kubwa ya pituitari mara nyingi hutupa dalili mapema: sukari inashuka siku za kwanza, manjano haiishi, na mvulana anaweza kuzaliwa na uume mdogo kupita kawaida. Kama hukuambiwa lolote kati ya hayo, ni habari njema, ingawa haifungi mjadala, kwa sababu upungufu wa homoni peke yake unaweza kujitokeza baadaye.

Mstari uliolala baada ya mwaka mmoja na nusu, pamoja na tumbo linalosumbua, ni vitu viwili ambavyo daktari lazima avisikie kwa pamoja. Ukirudi kwake, beba kijitabu, beba karatasi ya damu, na beba chupa hiyo ya matone aione. Mwambie kuhusu tumbo kabla ya kitu kingine. Muulize kama tezi ya shingo imepimwa, maana nayo ikilegea mtoto hakui na tiba yake ni ya bei nafuu. Muulize kuhusu minyoo, damu kupungua, na kama tumbo lake linapokea chakula vizuri. Mweleze urefu wako na wa baba yake.

Halafu mpime. Si kwa mlango wa nyumba na kalamu, mpime kliniki kwenye ubao wa kupimia, bila viatu, na baada ya miezi 6 apimwe tena palepale. Mtoto wa umri wake huongezeka karibu sentimita 5 kwa mwaka. Akiongezeka chini ya 4, daktari ana sababu ya kuomba kipimo cha kuchochea homoni ya ukuaji, ambacho hutolewa damu mara kadhaa kwa saa chache, na kikionyesha upungufu, picha ya pituitari yenyewe. Vipimo hivyo si vya kufanyia hospitali ndogo, kwa hiyo omba barua ya rufaa mapema.

Kwa sasa mpe yai, omena, maharagwe, maziwa na mboga, kila siku kitu kimoja au viwili kati ya hivyo juu ya ugali wake. Kama IGF-1 imeshushwa na chakula na tumbo, itapanda.

---

Mama_Bahati_Nakuru

Nimeandika yote kwenye karatasi. Kliniki yetu inapima watoto Jumanne, nitampeleka. Mwalimu, Sista, Mungu awabariki.